Pikipiki ya dizeli: mbona India ilitembea, Chuga haikufika?

Nimekuwa kimya kidogo, majaribio ya katikati ya muhula yalinibana mpaka nikasahau kama nina ukurasa wangu hapa. Leo naleta mada ambayo haimo kwenye mtaala wa idara yetu ya historia, ila kwa maoni yangu ingefaa iwemo. Yaani hivi: Arusha yote inatembea kwa dizeli. Malori ya kwenda Namanga ni dizeli, Land Cruiser za watalii ni dizeli, mashine za kusaga kule vijijini kwa Wameru na Waarusha nyingi ni dizeli. Halafu geukia bodaboda. Anzia Kisongo mpaka Usa River, panda Ngaramtoni, shuka Moshono, zungukia Njiro, sijawahi kuona hata moja inayokunywa dizeli. Kwa nini?

Swali si la kupitishia muda. Kuna mshkaji wangu wa hosteli (jina nalihifadhi, tumwite Chalii tu) ambaye kaka yake anaendesha Boxer ya mkataba, na injini ya hiyo Boxer imechoka, inakula oili kama lori. Chalii ameona mjini zile injini ndogo za Kichina za dizeli, zinazofungwa kwenye jenereta na pampu za maji, akapata wazo: tung'oe injini ya petroli, tufunge ile ya dizeli, kaka aokoe hela ya mafuta, mkataba uishe mapema. Mtaji? Bumu la muhula huu. Sasa mkijua jinsi bumu linavyochelewa na linavyoisha, mtaelewa kwa nini nilikaa maktaba siku nne badala ya kumwambia tu "sawa bwana, kila la heri."

Tuanze mbali kidogo, mnivumilie.

Injini ya petroli inachanganya hewa na mafuta, inakandamiza mchanganyiko kama mara tisa hivi, kisha plagi inapiga cheche na moto unawaka. Ya dizeli haina plagi ya cheche. Yenyewe inakandamiza hewa tupu, mara 18 mpaka 20, hadi hewa inapata joto kali kiasi kwamba mafuta yakipulizwa ndani yanawaka yenyewe. Uzuri wote wa dizeli na ubaya wake wote vinatoka hapo. Mafuta kidogo yanafanya kazi kubwa. Lakini mkandamizo wa namna hiyo unataka chuma kinene: silinda nene, krenki nene, flaiwili nzito. Na chuma kinene ni kilo.

Aliyeanzisha haya ni Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858. Hati ya uvumbuzi wake alipewa mwaka 1893, na Februari 1897 kule Augsburg injini yake ilipimwa ikaonekana inageuza karibu asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi. Mashine nyingi za mvuke za siku zile hazikufika hata nusu ya hapo. Watu walishangaa! Ila sasa sikiliza ukubwa wake: hosipawa 20, uzito kama tani nne na nusu. Wakati huohuo, mwaka 1894, wenzake kule kule Ujerumani walishaanza kuuza pikipiki za petroli. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza hawa ndugu wawili walichukua njia tofauti. Petroli ilipanda pikipiki, dizeli ilikaa kiwandani na kwenye meli. Diesel mwenyewe alipotea usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 akiwa kwenye meli akielekea Uingereza, na mpaka leo watu wanabishana alijirusha au alirushwa. Hiyo ni mada ya siku nyingine.

Tatizo la mwanzo lilikuwa namna ya kuyaingiza mafuta ndani ya silinda. Walitumia hewa ya kompresa, na kompresa yenyewe ilikuwa dude zima. Mwaka 1927 Robert Bosch akaanza kutengeneza kwa wingi pampu ya kusukuma mafuta kwa presha bila hewa, na hapo ndipo dizeli ndogo zikawezekana. Kufika 1936 Mercedes walikuwa wanauza gari dogo la dizeli. Na Waingereza wa Lister, mjini Dursley, kuanzia mwaka 1929 na 1930 hivi walikuwa na injini ya silinda moja ambayo nina hakika babu zenu wameisikia hata kama hawakujua jina lake. Ile inayolia tuk... tuk... tuk... kutoka ng'ambo ya mto, mizunguko kama 600 tu kwa dakika, flaiwili mbili kubwa, moja kila upande. Uzito zaidi ya kilo 300. Hizo, na baadaye nakala zake kutoka India, zilisambaa Afrika Mashariki nzima kusaga mahindi na kuvuta maji. Huwezi kuifunga kwenye pikipiki, pikipiki ndiyo ungeifunga juu yake.

Shikeni hilo neno "nakala zake kutoka India", maana ndilo mlango wetu. Nakala hizo zilitoka hasa mji wa Rajkot, Gujarat, upande wa Kathiawar, yaani kule kule walikotoka wengi wa Wahindi waliofungua maduka Afrika Mashariki. Kwa maana hiyo mashine ya kusaga ya kijijini kwenu na duka la vipuri la mjini huenda vina ukoo mmoja. Mafundi wa India waliizoea dizeli ya silinda moja kama sisi tulivyozoea baiskeli. Na hao ndio walioiweka kwenye pikipiki.

Pikipiki yao ilikuwa Enfield Bullet. Hii ni pikipiki ya Kiingereza ambayo kuanzia 1955 ilikuwa inaunganishwa Madras, na Waingereza walipofunga kiwanda chao Wahindi wakaendelea nayo peke yao karibu ilivyo. Bullet ya 350 haikuwa na haraka wala haikuwa na huruma na mafuta. Kilomita 30 na kitu kwa lita ilikuwa kawaida. Mtaani mafundi walianza kung'oa injini ya petroli na kuweka injini za pampu za maji. Baadaye kampuni yenyewe ikaona isiachwe nyuma, ikatoa Bullet ya dizeli iliyoitwa Taurus, injini ya Greaves Lombardini, sentimita za ujazo 325, hosipawa 6.5. Spidi yake ya mwisho kama kilomita 65 kwa saa, tena upepo ukikusaidia. Lakini ilikwenda zaidi ya kilomita 70 kwa lita moja! Iliuzwa mpaka karibu mwaka 2000, kisha sheria mpya za moshi za India zikaimaliza. Na kule Gujarat kuna usafiri unaitwa chakda: mbele ni pikipiki, nyuma ni kama mkokoteni wa magurudumu mawili, na injini ya dizeli ya silinda moja inanguruma katikati. Watu kumi, magunia, na mbuzi juu.

Nilipofika hapo Chalii alipiga meza maktaba mpaka tukakodolewa macho. "Si unaona! Wahindi wameweza!"

Ngoja kwanza. Walichoweza ni kipi hasa?

Jumamosi tukashuka wote Unga Limited (ndiyo, mtaa uliopewa jina na kiwanda cha kusaga unga, haya mambo yanafuatana) kwa mzee mmoja ambaye amefungua pampu na nozeli tangu sisi hatujazaliwa. Tukamwamkia, shikamoo mzee, marahaba wanangu, Chalii akamweleza mpango wake na mchoro kwenye daftari. Mzee hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Giaboksi utaipata wapi?"

Kimya.

Hapo ndipo historia na spana vilipokutana, wadau. Pikipiki za Kiingereza za zamani zilitengenezwa injini peke yake na giaboksi peke yake, vitu viwili vimefungwa kwa boliti kwenye fremu moja, cheni inaviunganisha. Enfield Bullet ilibaki hivyo mpaka mwishoni mwa miaka ya 2000. Ukiing'oa injini, klachi na gia zinabaki zimekaa pale zinakungoja, unaleta injini nyingine yoyote yenye shafti inayozunguka, unapanga cheni, maisha yanaendelea. Boxer, TVS, Toyo, SanLG, na pikipiki karibu zote zilizojaa Tanzania ni kipande kimoja. Krenki, klachi na gia vimo ndani ya kasha lile lile, vinaogea oili ile ile. Ukitoa injini umetoa na gia. Unabaki na fremu, matairi mawili na taa. Injini ya jenereta yenyewe haina gia hata moja, maana jenereta haiendi popote.

Kwa hiyo Chalii asingehitaji injini tu. Angehitaji injini, giaboksi ya kitu kingine, klachi, bati la kushikilia vyote hivyo, na fundi wa kuchonga shafti. Mzee alisema vinawezekana vyote, hapo Unga Limited kuna watu wanachonga chochote. "Lakini mtakuwa mmetengeneza pikipiki mpya," akasema, "na bodaboda haitaki pikipiki mpya, inataka spea ipatikane saa mbili usiku Mianzini."

Akaongeza jambo ambalo mimi sikulifikiria kabisa. Bodaboda inazimwa na kuwashwa mara ngapi kwa siku? Zile injini ndogo, za hosipawa sita, nyingi unaziwasha kwa kuvuta kamba, tena kwanza ubonyeze kile kidude cha kulegeza mkandamizo ndipo kamba ikubali. Abiria amekaa, wewe unavuta kamba kama mtu wa jenereta ya kibanda cha video. Na mtetemo je? Fremu ya Boxer ilitengenezwa kubeba injini laini. Dizeli ya silinda moja inatikisa mpaka vioo, na fremu inaanza kupasuka kwenye maungio.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiyo iliyomgusa Chalii kuliko chochote. Tuseme kaka yake anatembea kilomita 120 kwa siku. Kule India, mwenye Bullet ya petroli angetumia lita tatu na nusu hivi. Mwenye Taurus angetumia chini ya lita mbili. Halafu bei: serikali ya India ilishikilia bei ya dizeli chini kwa miaka mingi kwa ajili ya wakulima na malori, na haikuiachia soko mpaka Oktoba 2014. Kwa hiyo mkulima wa Punjab aliokoa karibu nusu ya mafuta, na kila lita aliinunua kwa bei nafuu. Akili iko hapo, hata mimi ningenunua.

Sasa njoo kwetu. Boxer ikiwa nzima inakwenda kilomita 45 mpaka 50 kwa lita, wengine wanasema zaidi. Kilomita 120 ni kama lita mbili na nusu. Hiyo ya dizeli ya kuunganisha, tuipe heshima yote, iende kilomita 60 kwa lita: lita mbili. Umeokoa nusu lita kwa siku. Nusu lita! Na bei kwetu hazipishani kivile, miezi mingine dizeli imekuwa juu ya petroli. Bullet ilikuwa mlevi, ndiyo maana kumwachisha pombe kulilipa. Boxer tayari ni mlokole.

Halafu kuna mlima. Arusha mjini tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa nyepesi inapunguza nguvu ya injini yoyote isiyo na tabo, kwa makadirio asilimia kumi kwa kila mita elfu. Petroli nayo inapungua, sikatai, lakini Boxer ya 150 inaanza na hosipawa kama 12. Ukianza na sita, ukifika Sanawari unabaki na tano na kitu. Beba mshikaki (abiria wawili, na trafiki asikuone), jumla kilo 330 na pikipiki yenyewe, panda njia ya Ilboru mahali ambapo barabara inapanda mita kumi kwa kila mita mia. Nimekokotoa kwenye daftari mara mbili, inatoka kilomita 30 hivi kwa saa, injini imelia yote, hakuna akiba. Utafika, ndiyo. Ila abiria atakuwa ameshahamia kwa mwenye TVS.

Ili nisionekane napinga tu, kuna Wazungu waliofanya jambo hili vizuri. Ujerumani kulikuwa na fundi mwenye kampuni ndogo iliyoitwa Sommer, aliyechukua Enfield (angalieni, tena Enfield, kwa sababu ya giaboksi yake ya kujitegemea) akaweka injini ya Hatz ya sentimita za ujazo 462, hosipawa 11. Ilitumia lita mbili na kidogo kwa kilomita mia. Nzuri kwa mzee mstaafu anayeangalia ng'ombe wa watu Jumapili. Na Marekani, jeshi la wanamaji wa nchi kavu lilinunua Kawasaki KLR650 zilizobadilishwa kuwa za dizeli na kampuni ya Hayes, zikaingia kazini miaka ya 2000. Wao hawakuwa wanatafuta unafuu hata kidogo. Vifaru, malori, jenereta na helikopta zao vilishawekwa vyote vitumie mafuta ya aina moja, na pikipiki ya petroli ilikuwa inaleta usumbufu wa kubeba pipa la pekee vitani. Kwa hiyo wakaibadilisha pikipiki ifuate pipa.

Hapo nikamwambia Chalii, kama kuna sehemu Tanzania ambapo wazo lako lina maana ni huko: kambi ya porini iliyo mbali na kituo cha mafuta, ina pipa la dizeli la Land Cruiser na jenereta, na askari wa doria anahitaji pikipiki ya kwenda kilomita 40 kwa saa kwenye vumbi. Hapo pipa moja ni faida ya kweli. Lakini kambi hiyo haiko Sakina, na mwenye kambi hamkopeshi kaka yako kwa mkataba.

Chalii naye si mtu wa kukubali haraka. Akaja na la mbono. Wale wa Arumeru na Monduli mnaujua mbono kaburi, ule mti wa ua ambao ng'ombe hawali. Dizeli inaweza kuchoma mafuta ya mimea, na hili si jambo la juzi. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 kulikuwa na injini ya dizeli iliyoendeshwa kwa mafuta ya karanga, na Diesel mwenyewe aliandika baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka ijaribiwe, ikifikiria makoloni yake ya Afrika. Yaani tangu enzi hizo tulishapangiwa tujilimie mafuta wenyewe!

Na Arusha ilikuwa makao makuu ya mbono kwa nchi hii. KAKUTE walikuwa hapa, wakifundisha kina mama kutengeneza sabuni ya mbono. Diligent walikuwa hapa, wakinunua mbegu kwa wakulima. Katikati ya miaka ya 2000 TaTEDO waliweka pale Engaruka injini ya aina ya Lister iliyotumia mafuta ya mbono, ikasaga, ikakamua mbegu, na usiku ikatoa umeme kwa nyumba za jirani. Mimi kazi ile naiheshimu sana. Lakini angalieni ni injini gani waliyochagua: ile nzito, ya polepole, ambayo ina muda wa kuchoma mafuta mazito taratibu. Injini ndogo inayokimbia mizunguko 3,600 kwa dakika ukiipa mafuta mabichi ya mbono nozeli itaziba gundi kabla muhula haujaisha. Na ule wimbi wenyewe wa mbono nchini ulipita. Kilwa na Kisarawe watu walichukuliwa ardhi, kampuni ya Kisarawe ikasimama mwaka 2011, na wanakijiji wakabaki bila shamba na bila mshahara. Ukimtajia mtu wa Kisarawe "mafuta ya mimea" uwe umekaa mbali kidogo.

Tukizungumzia nozeli, kuna jambo la nyumbani ambalo vitabu vya Wazungu hawana. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake. Mnakumbuka enzi za kuchakachua? Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, kwa hiyo wajanja wakayachanganya kwenye dizeli, na pampu za watu zikafa kwa ukavu. Mwaka 2010 EWURA wakaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta, na bajeti ya Juni 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa kutoka shilingi 52 kwa lita mpaka 400 na senti, ili mchezo usilipe. Mzee wa Unga Limited alicheka kwa mara ya kwanza tulipofika hapo. Alisema miaka ile ndiyo iliyomsomeshea watoto. Wanaowashia vibatari walilipa bei ya ujanja wa wengine, lakini hiyo nayo ni mada nyingine, na nina hasira nayo.

Sasa msije mkadhani Arusha haina watu wa kubuni. Kama kuna mji Tanzania uliopangwa kuwa wa mafundi ni huu. Chuo cha Ufundi kilifunguliwa 1978 kwa msaada wa Wajerumani. TEMDO ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1980. CAMARTEC ikafuata 1981, ikirithi kitengo cha zamani cha kupima zana za kilimo pamoja na mradi wa teknolojia rahisi uliokuwa hapa hapa Arusha. Kwa miaka yote hiyo watu wa mji huu wamechora mikokoteni ya maksai, mitambo ya gesi ya samadi, mashine za kukamua mafuta, mpaka trekta dogo. Nilichoona nikisoma orodha hiyo ni kwamba hakuna aliyeshughulika na pikipiki, na sababu ni rahisi: pikipiki yenyewe haikuwepo. Kwa mtu wa kijijini miaka ya 1980 pikipiki ilikuwa ya bwana shamba au ya padri. Bodaboda zilijaa miaka ya 2000 ikielekea mwisho, Mchina na Mhindi waliposhusha bei. Kanuni za kuzipa leseni za biashara zilitoka mwaka 2010. India ilikuwa na miaka hamsini ya Bullet mikononi mwa mafundi wake kabla ya Bodaboda kuwa neno kwetu. Pikipiki ilipotufikia ilikuja ikiwa tayari imekamilika, imefungwa kipande kimoja, na haina njaa ya mafuta.

Ila dizeli ya usukani wa mikono tunayo, na hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Ni pawatila! Kilimo Kwanza cha mwaka 2009 kiliwaleta kwa wingi. Silinda moja ya kulala, ile ya muundo wa S195 ina sentimita za ujazo 815 na hosipawa 12, mkanda, giaboksi nzito ya polepole, usukani wa mikono miwili mirefu. Walileta ilime mpunga. Nenda Mto wa Mbu uone inafanya nini: imefungwa tela nyuma, imebeba magunia, matofali, ndizi, kina mama na watoto, inakwenda mwendo wa mtu anayekimbia. Hiyo ni chakda ya Gujarat kabisa, imezaliwa upya bila mtu kuichora, na hakuna aliyelazimika kuchonga shafti. Dizeli ilipata mahali pake ilipopewa mzigo mzito na ikaruhusiwa kwenda polepole.

Kwa Chalii nilimalizia na kadi ya pikipiki. Kadi ina namba ya chesisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini bila kupeleka taarifa TRA ikabadilishwa kwenye kadi, siku ya ajali bima wana sababu ya kukukwepa, na siku ya ukaguzi trafiki ana sababu ya kukushika. Tena pikipiki ni ya mkataba, mwenye mali ni mtu mwingine mpaka siku ya mwisho ya malipo. Kaka yake alipopigiwa simu na kuelezwa alijibu kifupi: pistoni na ringi mpya, kuchongesha silinda, siku mbili, na anarudi kijiweni. Gharama yake ni robo ya kile Chalii alichokuwa anataka kutumia, na kaka alitaka kukopa nusu tu ya hiyo robo.

Na wakati sisi tunabishana kuhusu kuingiza dizeli kwenye pikipiki, hapa hapa Arusha tangu mwaka 2018 kuna karakana zinazong'oa dizeli kwenye Land Cruiser za watalii na kuweka mota ya umeme na betri. Nilimuuliza mzee wa pampu anaonaje hilo. Alifuta mikono kwa kitambaa, akauliza hiyo mota ikiharibika inafunguliwa kwa spana namba ngapi.